Ushauri wa haraka: lenzi ya macho inanikaukia kwenye baiskeli, na safari ni Jumamosi

CheniKavu
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa nyie mnaovaa lenzi za macho na mnaendesha baiskeli.

Mimi sioni mbali, namba yangu ni -5.50 macho yote mawili, miwani na lenzi pia. Miwani nimeivaa tangu utotoni, ila kwenye baiskeli ilikuwa mateso. Jasho, ukungu, ukiinamia usukani inateleza hadi ncha ya pua, mvua ikinyesha ndiyo basi tena. Miezi miwili iliyopita nikahamia lenzi, zile laini za kuvaa siku moja na kutupa. Siku ya kwanza niliona shimo la barabarani kabla tairi halijaliona. Sikuamini.

Sasa tatizo. Nikishuka mteremko lenzi ya kushoto inakauka, inakwaruza kama kuna chembe ya mchanga, machozi yanamwagika hadi naendesha nimefumba jicho moja. Jumamosi tuna safari ya siku tatu, vumbi na pori, usiku ni mahema. Nimeshalipia.

Swali langu ni moja tu: miwani gani ya kukinga upepo inafaa kuvaliwa juu ya lenzi? Vioo vyeusi au vyeupe? Naomba tusitoke nje ya mada. Natanguliza shukrani.

SpokuTatu
Mkuu, achana na miwani bapa. Chukua iliyopinda ikafuata uso hadi karibu na masikio. Kuipima ni rahisi: ivae, simama mbele ya feni, geuza kichwa polepole. Ukihisi upepo kwenye kona ya jicho, irudishe kabatini. Vioo viwe vya polikaboneti, ile plastiki ngumu, jiwe likirushwa na tairi la mwenzako visipasuke vikakuingia. Zipo za kubadilisha vioo: vyeusi jua likiwaka, vyeupe jioni. Halafu usidanganyike na lenzi zilizoandikwa kwamba zinakinga miale ya jua. Zinakinga pale zilipokaa tu. Kope na weupe wa jicho unaviacha uchi.

Na pepesa macho! Mtu wa kawaida hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Akikazia macho mteremko anasahau kabisa, lenzi inakauka kama jani.

Pancha
Kwa mwendo ninaoendesha mimi, upepo ndio unaonipita. Sijawahi kukauka.

DadaPedali
Umenikumbusha mbali. Mwaka wangu wa kwanza na lenzi nilikuwa nashuka kilima, mdudu akaniingia jichoni, nikasugua. Usisugue! Lenzi ikahama. Dunia ikagawanyika, kulia kuna barabara, kushoto kuna uji. Nikasimama kwenye majani, nikatafuta lenzi shavuni, kwenye glavu, kwenye fulana, sikuiona. Mwenzangu mmoja, mwanaume mzima na ndevu zake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba itakuwa imezunguka nyuma ya jicho imekwenda kwenye ubongo. Nililia kilomita zote zilizobaki.

Nyumbani nikatia matone, nikatazama chini, nikakanda ukope wa juu taratibu, ikachungulia imejikunja kama kipande cha plastiki ya soseji. Ndipo nikaja kujua haiwezi kwenda nyuma. Ile ngozi laini inayofunika weupe wa jicho hujikunja na kurudi ndani ya kope, kwa hiyo nyuma pamezibwa. Huyo mwenye ndevu sikumwambia.

BiMkubwa
Vijana wa siku hizi miwani wanaionea haya, wanaona bora kujidunga vidole machoni kila asubuhi. Mimi miwani nimevaa miaka 40 na nimelea watoto, nimelima, baiskeli nimeendesha na mzigo nyuma. Kamba unafunga kisogoni, kazi kwisha.

Mwananzuo
Bi Mkubwa, heshima yako, lakini lenzi laini na baiskeli ni ndugu wa damu. Otto Wichterle, mkemia wa Chekoslovakia, alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake mwishoni mwa mwaka 1961 kwa mtambo aliouunda kutokana na vyuma vya kuchezea vya watoto. Na kilichouzungusha? Dainamo ya baiskeli ya mwanawe. Kwa hiyo CheniKavu anarudisha kitu kwao.

Pancha
Mtoto akaendesha gizani ili CheniKavu aone. Pole zake.

MamaMatone
Mdogo wangu CheniKavu, naomba nikuulize. Upepo unavuma jicho moja tu?

Umesema ya kushoto inakauka. Ya kulia je? Upepo ni ule ule, mteremko ni ule ule. Nimefanya kazi kliniki ya macho miaka mingi, na mtu akinitajia jicho moja huwa simwulizi habari za miwani. Jicho ni jekundu? Mwanga unakuchoma? Ukitoa lenzi nafuu inakuja, au maumivu yako palepale?

CheniKavu
Asanteni wote. @SpokuTatu, nimekuelewa, ya kupinda.

@MamaMatone, dada yangu, uwekundu upo kidogo ila si wa kutisha. Mwanga ndiyo, unasumbua, hasa asubuhi. Tangu Jumapili. Ila sidhani kama inahusiana.

MamaMatone
Jumapili kulitokea nini?

CheniKavu
Hakuna kubwa. Tope liliniruka jichoni, nikaitoa lenzi, nikaisuuza kwa maji ya chupa yangu ya baiskeli, nikairudisha. Maji yalikuwa safi, ya kunywa, nayachemsha mwenyewe. Ningefanyaje sasa, kurudi nyumbani kilomita 30 nikipapasa? Na hii jozi nimeizoea, ina wiki mbili na haijawahi kunisumbua kabla ya hapo.

Tafadhali turudi kwenye miwani.

MamaMatone
Haturudi kwenye miwani.

Maji ya kunywa ni salama kwa tumbo, na tumbo lina asidi. Jicho halina. Yakikaa kwenye chupa ya baiskeli yenye mfuniko wa matope, hata kule kuchemsha kumeshasahaulika. Kuna kiumbe kidogo kinaitwa Acanthamoeba, kinaishi kwenye udongo, mitoni, kwenye mabwawa na hata majini bombani, na kikijifungia kwenye ganda lake klorini haikisumbui. Lenzi laini ni kama sifongo, inakibeba na kukibandika kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Si kila aliyesuuza lenzi kwa maji hukipata, wengi hawakipati. Lakini akikipata mtu, matibabu ni miezi, na wapo walioishia kupandikizwa konea ya mtu mwingine. Na hapo sijawataja bakteria, ambao ndio huwa wa kawaida zaidi, na wao hawangoji miezi. Siku mbili tatu wanaweza kutoboa kidonda.

Jekundu, linauma, mwanga unachoma, jicho moja, mvaaji wa lenzi. Hiyo ni ya kwenda leo. Toa lenzi zote mbili sasa hivi.

Kijiti
Naunga mkono. Mimi yangu ilianza hivyohivyo. Sikusuuza kwa maji, niliilamba. Ndiyo, cheka. Nilikuwa mlimani, lenzi ikaanguka kiganjani, nikaitia mdomoni nikairudisha. Baada ya siku mbili jicho likavimba. Jirani akanipa chupa ya matone yaliyobaki ya mama yake, akasema yanatoa wekundu siku hiyohiyo. Na kweli wekundu ulitoka! Nikampigia kumshukuru. Kumbe yalikuwa ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yanazima moto huku nyumba inaungua. Wiki ya pili nilijitazama kwenye kioo nikaona doa jeupe juu ya weusi wa jicho, dogo kama kichwa cha pini. Hadi leo taa za magari usiku nazionea mabawa.

CheniKavu
Duh, pole sana. Ila mimi doa sina, nimeangalia.

Jamani mnielewe. Hii safari tumeipanga tangu mwanzo wa mwaka. Mimi ndiye nabeba pampu na vifaa vya kuziba pancha, nisipoenda watu saba hawana fundi. Nimepanga nipumzishe jicho kesho, nitie matone aliyonipa binamu, Jumamosi niende na miwani ya upepo. Nikirudi Jumatatu naenda hospitali moja kwa moja. Naona ni mpango wa busara.

Kijiti
Matone ya binamu. Umenisoma kweli wewe?

Hoja_Kwanza
Samahani wakuu, mimi naona hapa tunakunywa chai, tena ya rangi.

Posti ya kwanza lenzi ni za siku moja. Baadaye jozi ina wiki mbili. Lipi la kweli? Halafu anasema miwani -5.50 na lenzi -5.50. Haiwezekani. Miwani inakaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe, kwa hiyo ukishapita namba 4 hesabu hubadilika. -5.50 ya miwani inakuja kama -5.25 ya lenzi. Hakuna mpimaji ambaye angempa hiyo. Amejiunga humu jana. Wiki ijayo mtamwona: "Miwani ya kukinga upepo, mzigo mpya, njoo inboksi." Na SpokuTatu alivyojibu haraka vile, na feni yake, mimi simo.

SpokuTatu
Unanihusisha mimi? Niko humu miaka minane. Sina hata ndugu anayeuza miwani.

Pancha
Jina tu lilinitia shaka. Cheni kavu mtu mwenye baiskeli anaitia mafuta.

BiMkubwa
Mimi nilijua. Mtoto aliyelelewa haongei na mtandao habari za jicho, anaongea na wazazi.

DadaPedali
Hata kama ni chai, kuna msichana mahali fulani anasoma hii na lenzi yake iko kwenye glasi ya maji ya bomba. Muacheni MamaMatone aongee.

Mwananzuo
Ila hoja ya namba ina mashiko. Mwandishi wa hadithi asingekosea namba, angeitafuta kwanza. Aliyekosea hivyo ni mtu aliyejipimia mwenyewe.

CheniKavu
Nimeitwa mambo mengi lakini tapeli wa miwani ndiyo mara ya kwanza.

Haya. Lenzi niliziagiza mtandaoni. Hakuna aliyenipima. Pale kwenye namba nikajaza ya miwani, pale kwenye mkunjo na kipenyo nikachagua iliyokuwa juu kwenye orodha. Sikujua kuna hesabu. Ni za siku moja kweli, ila boksi lilikuwa linaisha na lingine lilikuwa halijafika, nikaona mbona hazijachanika. Usiku naziweka kwenye kikopo na maji yake ya lenzi, nikiona yamepungua naongezea juu. Kikopo nakisuuza bombani. Jana usiku nilipitiwa na usingizi nazo.

Sikusema mwanzo kwa sababu nilijua mtasema hivi mnavyosema. Na nilikuwa nimezivaa hadi nilipokuwa nasoma ile posti ya "toa sasa hivi". Nimezitoa. Maumivu hayajaondoka. Naandika jicho la kushoto nimelifunika kwa shati.

@Hoja_Kwanza, njoo inboksi nikuuzie shati.

Hoja_Kwanza
Sawa. Ya boksi na kikopo nakubali, huwezi kutunga uvivu wa namna hiyo. Nafuta la miwani. SpokuTatu samahani.

MamaMatone
Asante kwa kusema. Sikugombezi, kugombeza kwenyewe muda hakuna. Kulala na lenzi peke yake hupandisha hatari ya maambukizi mara 6 hadi 8. Konea haina mishipa ya damu, hewa yake inaipata moja kwa moja kutoka nje, ukiifunika na lenzi kisha ukaifunika na ukope inabanwa. Wewe umeongeza na lenzi iliyochoka, isiyojulikana kama inakukaa.

Sasa fanya hivi. Usitupe lenzi. Iweke kwenye kikopo hichohicho kichafu, usikioshe, nenda nacho. Wanaweza kuotesha vijidudu kutoka humo wakajua wanapigana na nani. Matone ya binamu yaache kwa binamu. Waambie neno kwa neno: navaa lenzi, nilisuuza kwa maji, nililala nazo, mwanga unachoma. Usiwaambie "limekauka na upepo" ukapewa dawa ya ukavu ukarudi nyumbani. Na mtu akupeleke, usiendeshe hiyo baiskeli.

CheniKavu
Usiku huu huu?

MamaMatone
Wameshafunga? Hospitali kubwa haifungwi.

Kijiti
Nenda ndugu yangu.

CheniKavu
(Siku ya pili.) Wakuu, mrejesho.

Kaka yangu alinipeleka. Walinitia rangi ya manjano jichoni, wakazima taa, wakanimulika kwa mwanga wa bluu. Daktari akasema kuna kidonda karibu na ukingo wa konea, hakijafika katikati. Aliponitajia neno "katikati" alinyamaza kidogo, na mimi nikanyamaza. Wamekwangua kidogo kwa uchunguzi, na kikopo wamekichukua. Yule nesi alikifungua, akanusa, akakifunga bila kusema kitu. Aibu niliyoisikia hapo ni zaidi ya zote mlizonipa humu.

Dhana yao ni bakteria, majibu ya uchunguzi bado. Natia matone kila saa, na usiku pia, kengele ya simu inalia kila saa kama mtoto mchanga. Lenzi marufuku hadi waniruhusu, na nikiruhusiwa nakwenda kupimwa upya mkunjo na kila kitu.

Nimevaa miwani yangu ya zamani. Mkono mmoja umepinda, ukiniona unadhani nashangaa kitu. Bi Mkubwa, hiyo kamba ya kisogoni unafunga vipi?

Vifaa na pampu nimempa mwenzangu. Anasema kuziba pancha hajawahi.

BiMkubwa
Pole mwanangu. Kamba iwe ya mpira laini, fundo lisikae kwenye mfupa. Nitakuelekeza.

Pancha
Pole sana mkuu, upone haraka. Ila kama hiyo nafasi ya Jumamosi bado iko wazi, nicheki. Kuziba pancha naweza, jina langu unaliona.