Wanaotumia atenolol, propranolol na ndugu zake (dawa za kuzuia beta): tupeane uzoefu

Wakuu, habari za wakati huu. Presha ilinikuta 160/100, nikaandikiwa atenolol 50 mg kwa siku. Imeshuka vizuri, ila mapigo sasa ni 54 kwa dakika, na nikipanda kilima kwenda shamba miguu inakuwa mizito kama nimebeba gunia. Juzi mbwa wa jirani kanitokea gizani. Nywele zilisimama, jasho likanitoka, lakini moyo ukabaki unadunda taratibu kana kwamba hayauhusu. Wenzangu mnapata haya?

Tabibu Mstaafu:
Ndiyo kazi yake, mkuu. Mishipa ya fahamu inayouamsha mwili humwaga noradrenalini, kemikali ya kuuamsha moyo, moyoni. Dawa imeshakalia vipokezi vya beta, yaani viti vya kupokelea ujumbe huo, kwa hiyo ujumbe unafika na kukuta kiti kina mtu. Figo nazo hutoa kidogo renini, ile inayochangia kupandisha presha, nayo presha inazidi kushuka. Nywele husimamishwa na vipokezi vya aina nyingine, alfa, ambavyo dawa haikuvigusa. Hiyo 54 na huo uzito wa miguu mweleze daktari wako. Ukiona kizunguzungu au kuzimia, usingoje tarehe ya kliniki.

Mjukuu wa Ruvuma:
Mimi nililikoroga mwenyewe. Vidonge viliniishia msibani Songea, nikasema siku nne si kitu. Siku ya tatu moyo ukawa unapiga sindimba, kifua kinabana, mashine ikasoma 190/110. Nikaelezwa kwamba moyo ukizibiwa muda mrefu huongeza vipokezi. Kidonge kikitoka ghafla, adrenalini inakuta viti vingi vitupu. Kuacha ni kwa kupunguza kidogokidogo, tena kwa maelekezo. Siku hizi nikisafiri vidonge ndivyo vinaingia begini kwanza, shati baadaye.

Mama Pacha:
Mama yangu alipewa propranolol kwa ajili ya mikono kutetemeka, rovu (uvimbe wa tezi ya shingoni) lilikuwa linamsumbua. Hakuna aliyemuuliza kama ana pumu. Usiku uleule kifua kikaanza kupiga filimbi! Semeni wenyewe, msisubiri kuulizwa.

Kisukari Sugu:
Tunaojidunga insulini na kumeza dawa hizi, sukari ikishuka moyo hauendi mbio tena kukushtua. Mimi nimebakiwa na jasho tu.

Mleta mada:
Nashukuruni. Nilishapanga kuziruka wiki hii, kuna harusi, nipate nguvu za kucheza. Nimeghairi. Hivi mikono kuwa baridi nako ni dawa, au ni baridi ya huku Makambako tu?