Riwaya za kisayansi: sehemu ya pili ilikunogea au ilikutibua? Tupeane uzoefu

Mtu wa Chumbageni (mleta mada):
Wakuu, nimemaliza Dune Messiah ya Frank Herbert, ya 1969. Wenzangu hapa Tanga walioipenda Dune ya 1965 wanaiponda hii, eti imemharibu shujaa wao. Mimi naona ndiyo iliyokamilisha kazi. Asiyetaka kujua kinachotokea aruke.

Kitabu cha kwanza kinakuacha unamshangilia Paul Atreides: baba kauawa, kijana kakimbilia jangwani, karudi na Wafremen, wenyeji wa jangwa hilo, na kutwaa kiti cha enzi. Cha pili kinafungua miaka 12 mbele, na watu bilioni 61 wameshauawa katika vita vilivyopiganwa kwa jina lake. Hesabu hiyo anaitaja mwenyewe, tena akijilinganisha na Hitler! Kuvisimamisha vita hivyo hawezi, waumini wake wamemzidi nguvu. Nilijiona mjinga kwa makofi yote niliyompigia.

Mwanzo unachosha, nakubali. Wanaomlia njama Paul wanakaa wanazungumza weee. Ila subiri Duncan Idaho, mpiganaji wa ukoo wa Paul aliyekufa kitabu cha kwanza, aletwe hai tena kama zawadi, na zawadi yenyewe imetegwa imuue Paul. Hapo chai yangu ilipoa.

Nanyi je, mlisoma mwendelezo gani?

Bi Vitenge, Ngamiani:
Kaka, mimi hapana. Nasoma dukani jua likiwa kali, wateja hakuna, nataka kitu cha kunichangamsha. Nilifuata wale minyoo wa jangwani wa mita 400, nikapewa vikao! Halafu Chani, mpenzi wa Paul, mwanamke niliyempenda kuliko huyo Paul wako, anakufa akijifungua mapacha na hata hatuoneshwi vizuri. Tunaletewa habari tu kama majirani. Hilo simsamehi Herbert. Bilioni 61 nakuachia wewe.

Mwalimu Mstaafu:
Mimi riwaya iitwayo 2010, ya Arthur C. Clarke, ilinivuruga. Kwenye riwaya ya kwanza, 2001: A Space Odyssey ya 1968, chombo cha anga kilikwenda Zohali, nakumbuka vizuri. Nafungua mwendelezo wa 1982, kimeachwa Mshtarii! Kumbe Clarke kafuata filamu ya 2001 badala ya kitabu chake mwenyewe. Niliendelea kusoma, ila kwa kinyongo.

Mwana wa Machui:
Mnakwenda mbali. Kusadikika ya mzee wetu Shaaban Robert si nchi inayoelea angani? Karama anashtakiwa, anajitetea kwa habari za wajumbe waliotumwa hata Mbinguni na Ardhini, mwisho anashinda. Kaburi la mzee liko huku kwetu Machui, na kila nikipita nawaza: Karama akipewa uwaziri, miaka 12 baadaye angekuwa mtu gani? Riwaya hiyo ningeinunua hata kwa kukopa.

Mtu wa Chumbageni:
Mwana wa Machui, umenishika pabaya. Karama simwamini hata kidogo, ana maneno matamu mno yule.
Bi Vitenge, kuhusu Chani una haki yako, dada. Lakini mapacha wake ndio wanaobeba kitabu cha tatu, Children of Dune ya 1976, na hicho ninacho.

Bi Vitenge, Ngamiani:
Minyoo wamo?

Mtu wa Chumbageni:
Wamo, tena mmoja wa mapacha anakwenda kufanana nao.

Bi Vitenge, Ngamiani:
Nitamtuma mtoto jioni.