Mjadala: Koplo imeiua dangdut au imeipa uhai?

Mleta mada

Wadau, kuna ugomvi unaowagawa wapenzi wa muziki Indonesia kwa zaidi ya miaka 20 na naomba tuujadili hapa. Rhoma Irama, anayeitwa Mfalme wa Dangdut, amesema hadharani kwamba koplo, mtindo wa kasi uliotokana na dangdut, si dangdut. Mimi nasema ni dangdut, tena ya halali kabisa.

Kwa asiyeijua, dangdut imetokana na orkes Melayu, bendi zilizochanganya nyimbo za Kimalay, gambusi ya Wahadhrami na tuni za filamu za Kihindi. Rhoma alianzisha bendi ya Soneta mwaka 1970, akatia gitaa la umeme na mshindo wa roki aliousikia kwa Deep Purple, akaimba dini na shida za watu wa hali ya chini. Wakubwa wa mjini walibeza, wakasema muziki wa kishamba. Alipoanza kukipigia kampeni PPP, chama cha Kiislamu kilichoshindana na Golkar, chama cha Rais Suharto, televisheni ya taifa ilimfungia milango kwa miaka. Mtu aliyepita huko ndiye leo analinda geti!

Sasa sikilizeni ngoma zenyewe. Dangdut ya Rhoma inakwenda kwa madaha juu ya gendang, ngoma mbili ndogo zinazofanana na tabla. Wapigaji wa Java Mashariki wakaingiza kendang, ngoma ya Wasunda wa Java Magharibi, ile ya mchezo wao wa jaipongan, inayopasuka kama kofi, wakakaza mwendo, na wenzao wakawa wanachombeza kwa vigelegele na makelele kati ya mstari na mstari. Hiyo ndiyo koplo. Imekulia kwenye majukwaa ya harusi vijijini, wageni wanapanda noti mkononi kumtunza mwimbaji, sawasawa na taarabu kwetu.

Kwenye majukwaa hayo alitokea mwimbaji Inul Daratista wa Pasuruan, Java Mashariki. VCD za magendo zilimsambaza nchi nzima, na mwaka 2003 Rhoma alimshutumu kwa kukata kiuno, akamzuia asiimbe nyimbo za Rhoma mwenyewe. Rais mstaafu Abdurrahman Wahid, kiongozi wa dini wa kuheshimika, akasimama upande wa Inul. Nami nipo upande huo.

Gambusi Tupu

Mkuu, umeandika vizuri lakini umeruka penye kidonda. Rhoma alichanganya, ndiyo, ila alikaa chini akatunga. Koplo wanachukua wimbo wa mtu, wanaubadilisha ngoma, video inapanda YouTube, pesa inaingia. Mwaka 2018 Jerinx, mpiga dramu wa bendi ya panki ya Bali, Superman Is Dead, alilalamika waziwazi kwamba Via Vallen, mwimbaji wa koplo, anaimba wimbo wao “Sunset di Tanah Anarki” bila idhini. Na “Sayang” uliompa Via jina, tuni yake ni ya kundi la Kiroro la Japani. Sina shida na kiuno cha mtu, shida yangu ni jasho la mtunzi.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Wanangu, maneno haya nimeyasikia Tanga hii hii. Taarabu ya kisasa ilipokuja na mipasho, watu wakaanza “hii si taarabu”. Na tusisahau kwamba magwiji wa Mombasa nao waliimba kwa tuni za Kihindi, tukawapenda, tunawapenda mpaka leo. Linaloniuma mimi ni hili: mwanamke akicheza jukwaani anasimangwa yeye peke yake. Yule mwanamume anayepanda na manoti yake, anamsogelea mpaka anamgusa, hatajwi popote.

Mleta mada

Shikamoo Bi Mkubwa, umesema kweli tupu. Inul aliitwa, akasemwa, akalia mbele ya kamera. Waliokuwa wakimtunza walirudi makwao salama.

Gambusi, hoja ya mtunzi ni nzito na ningependa hiyo ndiyo ingekuwa kesi tangu 2003. Lakini hapo mdaiwa ni mwenye orkes, anayepokea malipo ya harusi na ya YouTube. Kuufuta muziki mzima hakumlipi Jerinx hata senti. Tena mtazame Didi Kempot wa Solo, aliyeimba mapenzi yaliyovunjika kwa Kijava kwa miaka mingi. Nyimbo zake zilipigwa koplo kila kona, na mwaka 2019 vijana waliojiita Sobat Ambyar wakawa wanajaza maonyesho yake, wanaimba naye huku wakilia, hadi alipofariki Mei 2020. Na huyo huyo Via Vallen ndiye aliyesimamishwa Jakarta kwenye ufunguzi wa Michezo ya Asia 2018 kuimba “Meraih Bintang”.

Gambusi Tupu

“Meraih Bintang” ulitungwa kwa ajili ya michezo ile, mkuu, kwa hiyo huo mfano ni wangu. Kwa Didi sibishi. Ila harusi ya Pasuruan ikiisha saa nane usiku, nyimbo thelathini zimepigwa, nani anaandika orodha ya watunzi? Nijibu hilo kwanza.