Gears of War ya 2006, ya 2015 au ya 2025: ipi inawafaa wachezaji wawili?

Kiti cha Pili

Ndugu wachezaji, mimi na kaka yangu tumeamua kuucheza upya mchezo wa Gears of War tangu mwanzo hadi mwisho, wawili kwa pamoja, kama tulivyoucheza tulipokuwa wadogo. Yeye alikuwa Marcus Fenix na mimi nilikuwa Dominic Santiago, yaani Dom, askari wawili wakuu wa hadithi, maana mkubwa ndiye aliyeshika pedi ya kwanza. Mbele yetu yapo matoleo matatu: lile la asili ambalo Epic Games walilitoa kwa Xbox 360 mwezi Novemba 2006, Ultimate Edition, ambalo The Coalition walilijenga upya kwa Xbox One mwezi Agosti 2015, na Reloaded, lililotoka tarehe 26 Agosti 2025 kwa Xbox Series X na S, kwa kompyuta na, kwa mara ya kwanza katika mfululizo huu, kwa PlayStation 5.

Naomba tulinganishe kwa kigezo kimoja tu. Sitafuti toleo lenye picha kali kuliko mengine, kwa kuwa jibu la hilo linajulikana. Ninachotaka kujua ni toleo lipi linalomtendea haki mchezaji wa pili, yule ambaye hadithi haimtaji sana lakini bila yeye hakuna kinachosonga mbele. Nimekwisha kucheza sehemu ya kwanza katika matoleo yote matatu, na kipimo changu kimekuwa pambano la Berserker.

Kwa ambao hawajafika hapo, Berserker ni jike la Locust, viumbe ambao ndio maadui wa mchezo huu, kipofu, lenye nguvu ya kubomoa mlango kwa kifua, na risasi hazimfanyi chochote. Hufuata sauti na harufu. Ni lazima avutwe avunje milango, mmoja baada ya mwingine, mpaka atoke nje kwenye anga wazi, ambako Hammer of Dawn, silaha inayoita mwali kutoka kwenye satelaiti, inaweza kumfikia. Mkiwa wawili, mmoja hujiweka mbele ya mlango na kufyatua risasi ili kumwita, na mwingine hutulia asikimbie hata hatua mbili, kwa sababu kishindo cha viatu kinatosha kumgeuza. Katika toleo la 2006 nilikuwa nimejibanza nyuma ya nguzo, nikijua umbali wake kwa masikio tu. Katika la 2015 kuta na vumbi vilipendeza zaidi, lakini alipogeuka ghafla sote wawili tulichelewa kujirusha pembeni. Katika la 2025 niliuona mwili wake ukiinama kabla hajaanza kukimbia, nikamwambia kaka, naye akaondoka mlangoni kwa wakati. Je, ninyi mmeonaje?

Msumeno

Mwenzangu, kigezo chako ni sahihi, na kwa kigezo hicho jibu ni Reloaded. Ulichokiona kwa Berserker kina sababu yake. Toleo la 2015 kwenye Xbox One liliendesha sehemu ya hadithi kwa fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde, na likaziweka fremu 60 kwenye mashindano ya mtandaoni peke yake. Maana yake ni kwamba sisi tunaocheza hadithi wawili wawili tulipewa nusu hafifu ya kazi ile, jambo ambalo liliniuma sana wakati huo. Reloaded imefikisha hadithi kwenye fremu 60 na mashindano hadi 120, na imeziondoa zile skrini za kupakia zilizokuwa zikiikata hadithi vipande vipande.

Tazameni jinsi bunduki inavyopakiwa risasi. Ukibonyeza kitufe mara ya kwanza, kijisindano huanza kupita juu ya mstari. Ukibonyeza tena kikiwa ndani ya doa dogo jeupe, bunduki hupakiwa haraka na risasi zake huwa kali zaidi kwa muda mfupi. Ukikosea, bunduki inakwama mkononi. Anayecheza peke yake anaweza kulivumilia kosa hilo kwa kuinama nyuma ya ukuta. Mnapocheza wawili, kila sekunde ambayo bunduki yako imekwama ni sekunde ambayo mwenzako amebaki peke yake mbele ya adui. Kwa fremu 60 jicho langu linakifuata kijisindano kile kwa utulivu ambao sikuwahi kuupata zamani, na shemeji yangu, ambaye daima hucheza kama Dom, hanilaumu tena. Yeye ana PlayStation 5 na mimi nina Xbox, na tunacheza pamoja bila tatizo, kwa sababu toleo hili linawaunganisha wachezaji wa mashine tofauti. Kabla ya hapo hatukuweza kabisa.

Kivuli cha Jacinto

Naheshimu hoja za Msumeno na sina ubishi kuhusu fremu. Ila naomba tusilizike toleo la 2006 upesi hivyo, kwa maana kuna jambo ambalo marekebisho yote mawili yamelipunguza, nalo ni uzito wa giza.

Sehemu ya pili ya mchezo huu inachezwa usiku. Viumbe wanaoitwa Kryll, wadogo kama popo, humrarua yeyote anayetoka kwenye mwanga, awe askari au Locust. Mara nyingi njia ya kusonga ni kupiga risasi mitungi ya gesi ili ilipuke na kuacha moto wa kutosha kuwafikisha kwenye taa inayofuata. Katika toleo la asili rangi zilikuwa zimekauka makusudi, karibu kila kitu kikiwa kijivu au udongo, hivyo moto wa mtungi ulipowaka, ndio uliokuwa rangi pekee machoni. Nilikuwa namwona mwenzangu kama kivuli tu kwenye ukingo wa moto, namwita arudi, na moyo unanidunda. Toleo la 2015 liliongeza rangi na mwanga, na Reloaded, iliyojengwa juu ya kazi ileile, imeurithi mwonekano huo. Mawe yanaonekana kuwa mawe, chuma kinang'aa kama chuma, na nakiri kwamba mji ulioharibiwa sasa unaonekana kuwa mji uliowahi kuwa na watu. Lakini usiku umekuwa mzuri wa kutazama, na mimi nauhitaji uwe wa kuogopwa.

Kwa mchezaji wa pili jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu hofu ya pamoja ndiyo inayowafanya watu wawili wakae karibu. Mnapoona vizuri mno, kila mmoja hushika njia yake.

Mwangalizi

Ndugu Kivuli, umesema vizuri kuhusu usiku, na nakubaliana nawe kwa sehemu. Hata hivyo umeacha kasoro kubwa ya toleo unalolitetea. Mchezaji wa Xbox 360 anaonyeshwa Brumak, lile jitu kubwa lililofungwa mizinga mwilini, halafu hapewi nafasi ya kupambana nalo. Hadithi inamruka, na ghafla tumeshafika kwenye treni. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2007 katika toleo la kompyuta, lililoongezewa sura tano katika sehemu ya tano, na sura hizo ndizo zilizoingizwa katika toleo la 2015 na hili la 2025. Kwa hiyo anayemkaribisha mwenzake leo kwa toleo la 2006 anampa hadithi iliyokatwa kabla ya mwisho wake.

Naongeza jambo kuhusu toleo hilo la 2007, kwa sababu wapo watakaoshauri litafutwe. Mwishoni mwa Januari 2009 cheti chake cha kidijitali kiliisha muda, na mchezo ukakataa kufunguka kwenye kompyuta za watu waliokuwa wameununua kihalali. Walioutaka siku hizo walilazimika kurudisha nyuma tarehe ya kompyuta, mpaka marekebisho yalipotolewa. Nilikuwa miongoni mwao. Nilikaa na rafiki yangu usiku mzima tukidhani diski yangu imeharibika, tukaisafisha kwa kitambaa mara tatu au nne, tukaiweka programu upya, na yote hayo yalikuwa kazi bure. Tangu wakati huo, ninapoulizwa toleo lipi lililo bora, swali langu la kwanza ni kama watu wawili wataweza kulifungua na kulicheza pamoja baada ya miaka kumi. Toleo lililo kwenye mashine za aina tatu lina nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko lililofungwa kwenye mashine moja. Ndiyo maana nafurahi kwamba mchezo huu umevuka hadi PlayStation, hata kama mimi mwenyewe similiki mashine hiyo.

Pia ni haki kulitaja hili: waliokuwa na Ultimate Edition ya kidijitali kabla Reloaded haijatangazwa tarehe 5 Mei 2025 walipewa toleo jipya bila malipo. Kiti cha Pili, kama wewe au kaka yako mlikuwa nalo, angalieni maktaba zenu kabla ya kununua chochote.

Pedi Mbili

Swali fupi: mnaketi chumba kimoja au mnacheza kila mtu kwake? Kwenye konsoli, Reloaded bado inaruhusu skrini igawanywe kwa watu wawili katika hadithi. Mimi na mke wangu tumecheza hivyo. Nusu ya skrini inabana unapolenga adui wa mbali, lakini kumgusa mtu bega na kumwambia «njoo uniinue» kuna ladha ambayo mtandao hauwezi kuileta.

Mgeni wa Sera

Ninaingia kama mtu aliyeufahamu mchezo huu mwaka 2025 kupitia PlayStation 5, na naomba niseme waziwazi yaliyonisumbua, kwa sababu wengi wenu mnaongea mkiwa na kumbukumbu za utotoni.

Kwanza, nilikuwa nimesikia sifa za Horde, ile namna ya kucheza ambapo kundi la wachezaji hulinda eneo dhidi ya mawimbi ya maadui. Nikaitafuta kwenye orodha nisiione. Baadaye nikaelewa kwamba ilianza katika Gears of War 2 mwaka 2008, hivyo haikuwahi kuwa sehemu ya mchezo wa kwanza. Pili, tulikuwa marafiki wanne tuliotaka kucheza pamoja, na hadithi hii inawapokea wawili tu. Wanne walikuja kuwezekana katika Gears of War 3 ya mwaka 2011. Sisemi kwamba waliotengeneza wametudanganya. Nasema mnunuzi mgeni angependa kuyajua haya mapema.

Tatu, na hili ndilo zito. Nilianza peke yangu, na Dom akaongozwa na mashine. Mara nyingi alikimbilia katikati ya risasi, akaanguka, akabaki amelala mahali ambapo kumfuata ni kujitakia kifo. Siku iliyofuata rafiki yangu alijiunga akamshika Dom huyohuyo, na mchezo ukawa mwingine kabisa. Palipotokea njia mbili, yeye akapanda juu, mimi nikabaki chini, kila mmoja akimfyatulia risasi adui anayemlenga mwenzake. Wakati mmoja niliangushwa karibu na shimo ambalo Locust walikuwa wakichomoza. Nikawa nimepiga magoti, skrini imejaa wekundu, nami namwona yeye akiangalia pande mbili: shimo, kisha mimi, kisha shimo. Akatupa bomu ndani, likafunga shimo, ndipo akanijia. Kama angenikimbilia kwanza tungekufa sote.

Hapo ndipo nilipokubaliana na Kiti cha Pili. Ubora wa toleo hili siwezi kuupima kwa yale niliyoyaona nikiwa peke yangu.

Kivuli cha Jacinto

Mgeni, karibu sana. Kisa chako cha shimo kimenifanya niyafikirie upya maneno yangu kidogo. Bado nasimamia hoja yangu ya usiku, lakini ninaona kwamba mlikaa karibu hata bila giza lile.

Kiti cha Pili

Nawashukuru nyote. Nimesoma kila jibu pamoja na kaka, naye amekuwa mkaidi kama kawaida yake.

Mwangalizi, tumeangalia maktaba kama ulivyoshauri, na kaka alikuwa na toleo la 2015, hivyo Reloaded amelipata bila kulipa. Tumeketi chumba kimoja, Pedi Mbili, na tumeigawanya skrini. Ni kweli kwamba inabana, tukalazimika kusogeza viti karibu na televisheni. Kwa ajili ya Kivuli tulifanya jambo moja la ziada: tulipofika sehemu ya pili tulirudi kwenye Xbox 360 tukaicheza huko yote. Yuko sahihi kuhusu giza. Kaka alinivuta mkono wa shati Kryll walipopiga kelele kwa mara ya kwanza, jambo ambalo hakulifanya katika toleo jipya. Lakini tuliporudi kwenye fremu 60 sehemu ya tatu, hakuna kati yetu aliyetaka kurudi nyuma tena, na tulipomfikia Brumak ambaye miaka yote tulidhani hapiganiki, tulisimama tukapiga makofi.

Sasa tumebakiza Jenerali RAAM, adui wa mwisho, juu ya treni. Tumeshindwa mara sita. Anatembea taratibu akiwa amezungukwa na Kryll wake, na mpango wetu ni kwamba mmoja amwondolee wale viumbe kwa risasi mfululizo na mwingine ampige kichwani papo hapo pengo linapofunguka. Jana, baada ya kushindwa mara ya sita, kaka alininyooshea pedi ya kwanza akasema kwamba huenda nikiwa Marcus tutafaulu. Nilimrudishia. Kufungua lile pengo ni kazi ya Dom, na nimeizoea.