Jiko la presha la umeme na maharage: linalipa kweli au tubaki na mkaa?

Baba_Mbagala: Habari wakuu. Nipo Mbagala na familia, mkaa kopo buku mbili na siku ya maharage kopo moja halitoboi, gesi nayo mtungi mdogo unakata fasta. Waifu anataka lile jiko la presha la umeme, mi naogopa luku maana jiko la koili lilishatunyoosha. Tupo D1, lile daraja la umeme la watumiaji wadogo, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Wenye nalo semeni ukweli.

mama_sufuria: Koili na presha wala havifanani baba. Koili linawaka muda wote na moto unapotelea pembeni, presha ikishapanda inajizima, inawaka tena kidogo kidogo. Maharage yaliyolowekwa usiku nusu saa tu na hayali hata nusu uniti. Chapati na samaki wa kukaanga hapo bado gesi, ila mtungi wangu sasa unavuka mwezi. Ule mpira wa mfuniko uoshe kila ukipika, ukishika mafuta mvuke unavuja, utasikia fsss hapo umeme unaenda bure.

mtu_wa_Kilwa: Mkaa wenu unatoka huku kwetu jamani. Tanuri la udongo kilo 1 ya mkaa inakula kuni kilo 5 mpaka 10, zingine zote moshi. Mnaona rahisi kwa sababu ule mti hakuna aliyeulipia.

fundi_waya: D1 uniti ni 100 kabla ya kodi, ukivuka 75 zile za juu ni 350, na ukizidisha kila mwezi wanakuhamisha daraja, kwa hiyo kama una friji piga hesabu kwanza. Ila hata ukihamishiwa daraja la juu la 292 kwa uniti, nusu uniti pamoja na kodi haifiki 200, wewe unaunguza kopo la buku mbili!! Na umeme wenyewe siku hizi mwingi wa maji, Bwawa la Nyerere peke yake MW 2,115, japo gesi asilia bado inachomwa so usiseme hauna moshi kabisa. Halafu ni wati 1000 hizo, usichomeke ekstensheni moja na pasi, itayeyuka.

Baba_Mbagala: Nimewaelewa sana. Na umeme ukikata katikati?

mama_sufuria: Usifungue mfuniko, joto la ndani linamalizia. Ila mkaa wa akiba weka uvunguni, si unaijua Dar 😂