Mfumo wa kuzima moto kwenye loda za andagraundi unajifyatua bila moto

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu, loda zetu za chini (mashine za kuzoa mawe mgodini) zina mfumo wa povu unaotambua moto kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa naitrojeni. Moto ukiutoboa, presha inashuka na valvu ya mtungi inafunguka. Shida ni kwamba unafyatuka bila moto, na sasa mafundi wameanza kuuzima. Tuanzie wapi?

Fundi_Mitambo:
Mkuu, loda ambayo mfumo wake umezimwa isiteremke mgodini. Hilo kwanza.

Kisha fuateni mpira wote kwa mkono. Mara nyingi utakuta umesuguliwa na fremu au hosi ya haidroliki, au umepita karibu mno na turbo (kifaa cha kusukuma hewa kwenye injini, kinachochemka sana). Hapo kwenye turbo wengi hawapashuku: injini ikizimwa feni inasimama, joto la turbo na ekzosi linajikusanya kwenye chumba cha injini, na mpira unalainika hadi kupasuka mashine ikiwa imeegeshwa. Usogezeni mbali, mfunge kwa klipu zenye raba. Zipu tai iliyokazwa sana inaukata. Fitingi zote zipakwe maji ya sabuni. Hata viputo vidogo vinatosha kuishusha presha taratibu. Na wanaoosha mashine wasielekeze maji ya presha kwenye fitingi na swichi.

Mkaguzi_Moto:
Msiridhike na sindano ya geji kuwa kwenye kijani, kwa sababu joto la mgodini hupandisha presha na kuficha uvujaji. Mpira uliojazwa bar 10 kwenye nyuzi 20 unatakiwa usome karibu bar 10.7 kwenye nyuzi 40. Ukisoma 10 kwenye joto hilo, gesi imeshavuja. Kila mwanzo wa zamu, kabla injini haijawashwa, andikeni presha na joto kwa pamoja.

Zamu_ya_Usiku:
Asanteni sana. Na kila tukijaribu mfumo, lazima tumwage povu lote?

Mkaguzi_Moto:
Hapana. Kwenye sevisi ya kawaida tenganisha kifyatulio na mtungi, kisha toa presha ya mpira. King'ora kilie na injini izimike yenyewe. Hili la injini lisirukwe kabisa: ikiendelea kuunguruma, pampu inazidi kuulisha moto oili na feni inapeperusha povu. Jaribuni pia vifyatulio vya mkono, cha kebini na cha nje.

Fundi_Mitambo:
Jaribio la kumwaga lifuate ratiba ya mtengenezaji. Siku hiyo tazameni kila nozo (mdomo wa kunyunyizia povu), maana iliyopoteza kofia hujaa tope. Baadaye suuzeni mabomba kwa maji safi na kuyapuliza kwa hewa kavu. Mabaki ya povu yakigandia humo yanaziba. Kwa povu la asilimia 3, mchanganyiko wa lita 50 ni lita 1.5 za dawa ya povu na 48.5 za maji safi. Msichanganye dawa za watengenezaji wawili kwenye mtungi mmoja.