Kipimo cha uga wa umeme, Lamu: mbona kilele ni asubuhi?

mkomani_paani
Asalaam aleikum. Kipimo ni kile cha bamba linalofunikwa na kufunuliwa na feni ya bati. Kimefungwa juu ya paa la nyumba ya mawe. Siku za anga safi kinasoma kama volti 380 kwa mita, na kilele ni saa 3 asubuhi. Vitabu vyasema 100 hadi 130, kilele saa 19, yaani saa 1 usiku. Kosa ni wapi? Na hizo radi za Kongo, zinazosemekana kuuendesha uga huu, zatuhusu nini sisi huku pwani?

maalim_volti
Waaleikum salaam. Anza na saa, maana wengi huteleza hapo. Hiyo 19 ni saa ya Greenwich. Kwetu ni saa 4 usiku. Bonde lake ni saa 12 asubuhi.

Kilele chako cha saa 3 si cha dunia, ni cha mtaani. Jua likipanda, hewa iliyolala huanza kuchanganyika, na moshi na chaji vilivyokuwa chini vinafika paani. Chembe za moshi hunasa ayoni (chembe ndogo za hewa zenye chaji), hewa inapitisha umeme kwa shida, uga unapanda. Meli ya utafiti Carnegie, iliyotupa mchoro wa vitabuni wenye kilele cha saa 19, ilipima katikati ya bahari, mbali na majiko ya watu.

380 ni kazi ya paa: kitu kilichoinuka hukusanya uga. Azima kipimo cha pili, kifukie uwanjani mdomo ukiwa sawa na ardhi, mbali na minazi na mawimbi (wimbi likipasuka hurusha chaji hewani). Soma vyote viwili kwa pamoja, ugawanye cha paani kwa cha uwanjani, upate paa linazidisha mara ngapi.

Kabla ya hayo, kipime chenyewe. Weka bati la mita 1 kwa mita 1, sentimita 10 juu ya mdomo, ulitie volti 18 kutoka betri mbili za volti 9. Lazima kisome 180. Geuza nyaya: isome hasi 180. Ikisoma hasi 140, sifuri yako imehama, na hapo mshuku chumvi kwanza. Osha teflon (plastiki isiyopitisha umeme) inayoshika bamba kwa maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa, kisha spiriti. Majira ya kusi, rudia kila wiki.

kusini_magharibi
Kuhusu Kongo: ayonosfia, tabaka la juu la hewa linalopitisha umeme, imeizidi ardhi kwa takriban volti 250,000. Kila wingu la radi husukuma juu kama ampea 1, na jumla ya dunia ni ampea 1,000 na zaidi kidogo. Umeme huo hurudi chini penye anga safi, Lamu ikiwemo, kama sehemu 2 za trilioni ya ampea kwa kila mita ya mraba. Pampu hizi, yaani mawingu ya radi, zikizimwa zote, chaji ingekwisha kwa dakika kama 10. Wengi hudhani mwako wa radi ndio pampu. Sehemu kubwa ni mkondo wa kimyakimya unaotoka kichwani mwa wingu. Afrika hufikia kilele jioni yetu, Amerika usiku wetu, ndipo jumla ikaangukia saa 4.

mkomani_paani
Shukran, maalim. Na ile mimweko myekundu juu ya mawingu, yaonekana kutoka Malindi?

maalim_volti
Dhoruba ikiwa bara, kilomita 300 hivi, na kwako anga halina mawingu. Mimweko hutokea kilomita 50 hadi 90 juu, mara nyingi baada ya radi kubwa ya chaji chanya. Kwa umbali huo elekeza kamera nyuzi 8 hadi 15 juu ya upeo, si kwenye wingu. Lenzi ya milimita 50, tundu wazi kabisa, video. Mmweko hukaa fremu moja au mbili tu.